Mawakala wa programu wanabishanaje? Jibu kwa mwanafunzi aliyeuliza kuhusu logiki za hoja

Marahaba mdogo wangu, na asante kwa swali, limenifurahisha kweli manake wengi wanaosoma AI siku hizi wanapita juu kwa juu na kona hii hawaifiki kabisa. Ngoja niliweke swali lako kwa kifupi ili na wengine wafuate. Unafanya masta ya sayansi ya kompyuta, projekti yako ni mawakala wawili wa programu, yaani programu zinazofikiri na kuamua kwa niaba ya mtu, mmoja anasimama upande wa daktari na mwingine upande wa famasi, na wanatakiwa wakubaliane mgonjwa apewe dawa gani. Umeandika if-else (kama hivi fanya hiki, la sivyo fanya kile) mpaka zimekuelemea, kila ukiongeza sharti jipya la zamani linavunjika. Supervaiza kakwambia usome logiki za hoja, yaani kanuni za kupima hoja zinazopingana, umefungua makala umekuta seti na mishale tu, sasa unauliza hivi vitu vina faida gani kwenye mfumo wa kweli, uanzie wapi, na kwa nini usichukue tu modeli kubwa ya lugha (kama ile ya ChatGPT) ukaiacha ibishane yenyewe.

Nianze na hicho kinachokuumiza. Logiki tuliyofundishwa digrii ya kwanza, ile ya NA, AU, KAMA-BASI, ina tabia moja: ukishathibitisha kitu kimethibitika moja kwa moja, uongeze taarifa kumi uongeze elfu, hitimisho la mwanzo halitoki. Wenyewe wanasema ni ya monotoniki. Kwenye jometri hiyo ni sawa kabisa. Ila daktari hafikiri hivyo, yeye anaanza na "huyu kashapata kiharusi, mpe aspirini", anafungua faili anakuta historia ya vidonda vya tumbo, anasita. Na mwanzo alifikiri vizuri tu, ila taarifa imeongezeka na hitimisho limelazimika kutoka. If-else zako zinavunjikia hapo hapo, manake kila kizuizi inabidi ukisokomeze ndani ya kanuni mama, kama kiharusi na sio vidonda na sio mzio na sio hiki na sio kile, na hiyo orodha haina mwisho, kesho famasi wataleta kizuizi kingine na utarudi kuandika upya.

La pili ni baya zaidi na linakugusa wewe kwa sababu una mawakala wawili. Wa daktari anaamini kitu, wa famasi anaamini kinyume chake, ukimwaga imani zao zote sehemu moja logiki ya kawaida inalipuka: kutoka kwenye ukinzani mmoja tu unaweza kuthibitisha chochote unachotaka, hata kwamba dozi sahihi ni vidonge mia. Yaani hali ambayo kwa mawakala ni ya kila siku, kutokubaliana, ndo hali ambayo logiki ya kawaida haiwezi kabisa kuibeba. Kwa hiyo supervaiza wako hajakupeleka kwenye hesabu za mapambo, kakupeleka pale pale penye kidonda.

Watu waliliona hili mapema. Mwaka 1980 Raymond Reiter alitoa logiki yake ya kanuni za "kwa kawaida", John McCarthy naye mwaka huo huo akaja na njia yake, na mwanafalsafa John Pollock mwaka 1987 akaandika kwa undani namna sababu moja inavyoweza kuiangusha nyingine, alafu akaendelea kutengeneza programu yake ya OSCAR kwa mawazo hayo hayo. Kila mmoja alikuwa na mashine yake. Kilichokosekana ni kitu cha kuziunganisha, na hicho ndo alichokileta Phan Minh Dung, Mvietnam aliyekuwa Asian Institute of Technology kule Thailand, kwenye makala yake ya 1995 ndani ya jarida la Artificial Intelligence. Alionyesha kwamba logiki ya Reiter, mfumo wa Pollock, programu za logiki, hadi matatizo fulani ya nadharia ya michezo kama lile la kuoanisha watu ili ndoa zidumu, zote ukizivua nguo za nje unakuta umbo moja la hoja zinazoshambuliana.

Sasa hilo umbo ni dogo mpaka linashtua. Una seti ya hoja, na una mishale ya nani anamshambulia nani. Basi. Hoja yenyewe ndani ina nini, Dung hajali kabisa, na huko kutojali ndo nguvu yake, manake kunatenganisha maswali mawili ambayo kwenye if-else zako yamechanganyika: nani anapingana na nani, na baada ya mapigano yote nani kabaki amesimama. Ukiweza kuyatenganisha hayo, projekti yako imepona nusu.

Tuchukue mgonjwa wako (ni kielelezo cha kufundishia, usiende kumwandikia mtu dawa kwa hiki). H1 ya wakala wa daktari: apewe aspirini, inapunguza damu kuganda na kashawahi kupata kiharusi cha damu kuganda. H2 ya wakala wa famasi: asipewe, alishakuwa na vidonda vya tumbo na aspirini inaweza kumvujisha damu. H2 inaishambulia H1. Anarudi wa daktari na H3: akipewa pamoja na omeprazo, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, hatari ya tumbo inashuka sana, kwa hiyo sababu ya H2 haina nguvu tena. H3 inaishambulia H2. Wa famasi anafungua orodha ya dawa na kutoa H4: mgonjwa huyu anatumia klopidogreli, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, na omeprazo inaizuia klopidogreli isigeuzwe vizuri kwenye ini kuwa dawa inayofanya kazi, kwa hiyo omeprazo haifai kwake. H4 inaishambulia H3.

Nani kasimama? Hapa utaona uzuri wa kitu hiki. H4 haina anayeishambulia, imesimama. H3 imepigwa na aliyesimama, imeanguka. H2 mshambuliaji wake pekee kaanguka, kwa hiyo H2 imerudi kusimama. H1 imepigwa na H2, imeanguka. Aspirini haitolewi. Alafu inaingia taarifa mpya, H5: rekodi inaonyesha klopidogreli ilishasimamishwa na daktari mwenyewe. H5 inaipiga H4, na ukifuata mnyororo tena H3 inasimama, H2 inaanguka, H1 inasimama. Hujafuta hata mstari mmoja wa kanuni zako. Umeongeza hoja moja na mshale mmoja na jibu limejigeuza lenyewe, na zaidi ya hapo daktari akiuliza kwa nini, wakala wako anao mnyororo mzima wa kumwonyesha, hatua kwa hatua, kwa lugha ya kitabibu na sio namba ya asilimia isiyojieleza.

Na uone kitu kingine, hatukuhesabu kura. Hoja ikiwa na maadui kumi na wote kumi wameangushwa na hoja nyingine, imesimama. Ikiwa na adui mmoja tu asiyejibiwa, imeanguka. Wanafunzi wengi wakifika hapa wanataka waweke uzito na wajumlishe pointi, na kuna matawi ya utafiti yanayofanya hivyo kwa heshima zake, lakini kwako wewe nakusihi usianze huko, manake kwenye dawa onyo moja la kweli lisilojibiwa halitakiwi kuzamishwa na sababu tano nzuri.

Algorithimu yake utaandika Python jioni moja. Inatoka kwenye mtindo wa lebo alioueleza Martin Caminada mwaka 2006: kila hoja itapewa lebo ya ndani, nje, au haijaamuliwa. Hoja isiyo na mshambuliaji, au ambayo washambuliaji wake wote wako nje, iweke ndani. Hoja inayopigwa na yeyote aliye ndani, iweke nje. Rudia mpaka hakuna kinachobadilika, zilizobaki ndo hazijaamuliwa. Inaenda haraka hata grafu, yaani mchoro wote wa hoja na mishale, ikiwa kubwa, na jibu lake lipo siku zote na ni moja tu. Kanuni ya kuamua nani kasimama inaitwa semantiki, na hii ndo semantiki ya msingi, yenye tahadhari kuliko zote.

Shida inaanza mishale ikizunguka. Nilivyochora pale juu nilikusudia kuacha kitu: H1 inasema apewe, H2 inasema asipewe, hizo zinapingana pande zote mbili, sasa kwa nini nilichora mshale kutoka H2 kwenda H1 tu? Kwa sababu kimoyomoyo nilishaamua kwamba onyo la usalama lina kipaumbele. Wewe kwenye mfumo wako hicho kipaumbele lazima ukiandike wazi. Usipokiandika, mishale inakuwa miwili, na tuseme H4 bado ipo na H5 haijaja: H4 ndani, H3 nje, alafu H1 na H2 zinapigana zenyewe kwa zenyewe na semantiki ya msingi inasema haijaamuliwa, kaa kimya. Kuna semantiki nyingine, ile ya upendeleo, ambayo inatafuta seti kubwa kadri inavyowezekana za hoja zisizopigana zenyewe na zinazojitetea dhidi ya kila anayezishambulia, na hiyo itakupa misimamo miwili halali, mmoja una H4 na H1, mwingine una H4 na H2. Na kuna thabiti, inayotaka kila hoja iliyo nje ya seti iwe imepigwa na aliye ndani, nzuri sana kwenye matatizo ya kupanga vitu ila ukikutana na mzunguko wa hoja tatu, A anampiga B, B anampiga C, C anampiga A, hakuna jibu kabisa, seti thabiti haipo.

Watu wanauliza ipi bora kana kwamba kuna mshindi. Mi nachagua kwa kuangalia kosa lina gharama gani. Kama wakala atatenda mwenyewe bila mtu na kosa linaumiza, tumia ya msingi, na palipo na "haijaamuliwa" mpelekee binadamu. Kama wakala kazi yake ni kumwonyesha daktari misimamo inayoweza kutetewa ili yeye achague, tumia ya upendeleo, mpe yote miwili na mnyororo wa kila mmoja. Kwa hiyo kwenye ripoti yako usiandike "nimechagua semantiki fulani kwa sababu ni maarufu", andika nani ataumia mfumo ukikosea, ndo sababu inayosimama mbele ya wasahihishaji.

Gharama ya kompyuta nayo ipo. Ya msingi ni rahisi kukokotoa. Kuuliza kama hoja imo kwenye angalau seti moja ya upendeleo ni tatizo la NP-kamili, yaani la aina ambayo hakuna njia ya haraka inayojulikana ya kulitatua kila mara, na kuuliza kama imo kwenye seti zote ni gumu zaidi ya hapo, Paul Dunne na Trevor Bench-Capon walithibitisha mwaka 2002. Usiogope lakini, tangu 2015 kuna mashindano ya kimataifa ya programu za kukokotoa haya mambo, ICCMA, na programu zilizopo zitabeba mamia ya hoja zako. Ukitaka vya kuchezea, kuna maktaba ya Java inaitwa TweetyProject, na watu wa Vienna wana programu yao ya kukokotoa, ASPARTIX.

Sasa nije kwenye sehemu ambayo naijali kuliko zote, na ndo inayoangusha projekti nyingi. Mishale inatoka wapi? Ukiichora kwa mkono umerudi kwenye if-else, umeibadilisha sura tu. Mishale inatakiwa izaliwe yenyewe kutokana na muundo wa ndani wa hoja, na hapa ndo neno logiki linapata kazi yake.

Pollock alitufundisha kwamba kuna kupinga kwa namna tofauti. Ya kwanza ni kupinga hitimisho: we unasema apewe, mi nasema asipewe. Ya pili ni kukata kiungo: kitu kinaonekana chekundu, kwa hiyo ni chekundu, alafu mtu anakuja anakwambia pale kuna taa nyekundu. Huyo hajasema kitu sio chekundu, huenda ni chekundu kweli, alichofanya ni kukata njia yako ya kutoka kwenye kuonekana hadi kuwa. H3 yetu ni ya namna hii, haikusema mgonjwa hana historia ya vidonda, ilisema kwa aliyekingwa na omeprazo ule ulazima wa kutoka kwenye vidonda hadi kwenye katazo haupo. Namna ya tatu, ambayo waliiongeza wengine, ni kupiga taarifa ya chini kabisa ambayo hoja imejengwa juu yake, na ndo kazi ya H5, klopidogreli uliyoitegemea haipo tena kwenye orodha. Tofauti hii sio ya darasani tu: kupinga hitimisho mara nyingi kunaenda pande mbili na kunahitaji kipaumbele ili kuamua, kukata kiungo kunaenda upande mmoja. Ukivichanganya grafu yako itatoa majibu ya ajabu na hutajua kwa nini.

Mifumo inayojenga hoja hivi ipo kadhaa. ASPIC+ ambayo Henry Prakken aliiweka sawa mwaka 2010 na baadaye akaiendeleza na Sanjay Modgil, ABA ya Bondarenko, Dung, Kowalski na Toni ya 1997, na DeLP ya García na Simari kutoka Bahía Blanca, Argentina, makala kuu ni ya 2004. Kama umezoea lugha ya programu ya Prolog, DeLP utaizoea haraka. ABA ni safi sana kihesabu, kila kitu kinashambuliwa kwenye dhana zake za kuanzia tu. Kwa projekti yako mi ningekwenda na ASPIC+, manake inakuruhusu kuandika kanuni za aina mbili, ngumu zisizovunjika na zile za "kwa kawaida", na vipaumbele juu yake, na madaktari hivyo ndivyo wanavyoongea.

Ila kuna mtego, na huu usome mara mbili. Caminada na Leila Amgoud mwaka 2007 walitoa mfano wa jamaa mmoja, John. Amevaa pete, kwa kawaida mvaa pete ameoa. Anatoka na rafiki zake mpaka usiku mwingi, kwa kawaida anayefanya hivyo ni kapera. Alafu kanuni ngumu mbili: aliyeoa ana mke, kapera hana mke. Ukiviweka hivi hivi kwenye baadhi ya mifumo ya wakati ule, hoja ya "ameoa" na hoja ya "ni kapera" hazigongani, manake kwa herufi sio kinyume cha kila mmoja, na zile za "ana mke" na "hana mke" zimemalizikia na kanuni ngumu ambazo hairuhusiwi kuzipiga pale mwishoni, kwa hiyo hakuna mshale popote, zote zinasimama, na mfumo unakwambia kwa kujiamini kabisa kwamba John ana mke na hana mke. Mfumo uliotengenezwa ili ubebe ukinzani unatoa ukinzani wenyewe!

Dawa yake ni kila kanuni ngumu uiongezee na mgeuko wake: kama aliyeoa ana mke, basi asiye na mke hajaoa, na kama kapera hana mke basi mwenye mke sio kapera. Ukifanya hivyo hoja inayotoka kwenye pete inaendelea mpaka "sio kapera" na inakwenda kuigonga ile ya kapera pale penye kanuni laini, ile ya "kwa kawaida", na ile nyingine nayo inafanya hivyo hivyo upande wake, mishale imezaliwa, ukinzani umeonekana. Kutoka hapo wakaweka masharti ambayo mfumo wowote wa hoja lazima uyatimize, mojawapo ni kwamba vinavyokubaliwa pamoja visikinzane, pamoja na vinavyofuata kwa kanuni ngumu. Kwenye dawa utaukuta mtego huu mara nyingi, mawakala wawili wanapendekeza dawa mbili ambazo majina hayagongani, ila zote ziko kundi moja na haziruhusiwi kwenda pamoja. Nakuomba kabla ya kitu kingine chochote andika hili kama jaribio la kwanza la programu yako.

Vipaumbele niviseme kidogo. Mawakala wako hawatofautiani taarifa tu, wanatofautiana wanachokithamini. Bench-Capon mwaka 2003 alionyesha hili kwa kisa cha Hal na Carla, wote wana kisukari, Hal insulini yake imepotea bila kosa lake na Carla hayupo nyumbani, Hal anaingia kwake anachukua insulini ili asife. Hoja ya uhai na hoja ya mali ya mtu. Pendekezo lake ni kila hoja ibebe thamani inayoitetea, na shambulio lifaulu tu pale ambapo thamani ya anayeshambuliwa haipewi nafasi ya juu kuliko ya mshambuliaji kwa hadhira husika. Hadhira mbili zinaweza zikakubaliana kila taarifa na bado zikatoka na majibu tofauti, bila yeyote kuwa mjinga. Wakala wa daktari anatanguliza kuzuia kiharusi cha pili, wa famasi anatanguliza damu isivuje, hiyo iweke wazi kwenye mfumo wako, na mpangilio wa thamani utoke kwa madaktari na wafamasia wenyewe, wewe mwandika programu usiupange.

Mpaka hapa nimeongea kama vile hoja zote ziko mezani na mtu mmoja anazitazama. Wewe una wawili, kila mmoja na anachojua, na wanatumiana meseji. Hilo ni tabaka lingine, usilichanganye na la kwanza. Douglas Walton na Erik Krabbe mwaka 1995 waligawa mazungumzo kwa malengo yake: kushawishi, kuchunguza pamoja, kupatana bei, kuulizana taarifa, kushauriana la kufanya, na ugomvi mtupu. Wako wanashauriana la kufanya, wakijitahidi kumlinda mgonjwa mmoja, hawapatani bei. Ukiwapa sheria za sokoni utapata nusu dozi ya aspirini kwa sababu wamekutana katikati, na nusu dozi iliyopatikana kwa kupunguziana haina maana yoyote ya kitabibu.

Ila hata kwenye kupatana, hoja zina faida kuliko namba tupu. Simon Parsons, Carles Sierra na Nick Jennings mwaka 1998 walitoa mfano ambao mpaka leo unafundishwa. Wakala mmoja anataka kutundika picha, ana nyundo, skrubu na bisibisi, hana msumari. Mwenzake ana kioo na msumari, anataka kutundika kioo kwa msumari huo. Wa kwanza anaomba msumari, wa pili anakataa. Kama wanatumiana ofa tu wangeishia hapo. Lakini wa pili anatoa sababu, nauhitaji kwa kioo changu, na kwa kuwa sababu imetoka nje, wa kwanza anaweza kuishambulia: kioo unaweza kukitundika kwa skrubu na bisibisi yangu, chukua, nipe msumari. Wote wametundika. Sababu ikitolewa inafungua mlango ambao jibu la ndiyo au hapana haliwezi kuufungua, na kwa wakala wa famasi ndo tofauti kati ya kusema "hapana" na kusema "hapana kwa sababu ya klopidogreli".

Kwenye utekelezaji weka aina chache za meseji: dai, uliza kwa nini, toa hoja, kubali, ondoa dai. Kila wakala awe na daftari la alichokwisha kukitamka hadharani, wazo linatoka kwa Charles Hamblin, 1970, ili asiruke leo anasema hivi kesho kinyume bila kuondoa la kwanza. Na zuia mzunguko: kwa semantiki ya msingi upo mchezo wa watu wawili ambapo mwenye dai haruhusiwi kurudia hoja yake ndani ya mnyororo ule ule, mpinzani anaruhusiwa, na kwa hoja zenye idadi ya mwisho mjadala lazima uishe. Anayeshindwa kujibu ameshindwa, na jibu linalotoka ni lile lile ambalo algorithimu ya lebo ingekupa, hiyo unaweza kuitumia kupima kama programu yako ya mazungumzo iko sahihi.

Kuhusu modeli kubwa ya lugha. Sikuzuii, ila usiipe kiti cha hakimu. Mwezi wa pili 2019 IBM walileta mashine yao ya Project Debater San Francisco ikabishana na bingwa wa midahalo Harish Natarajan kuhusu ruzuku kwa shule za awali, mashine iliongea vizuri sana, na aliyepimwa pale ni nani kavuta kura za ukumbi, Natarajan akawa ndo kavuta zaidi. Hicho ni kipimo cha kushawishi watu. Swali lako ni lingine, ni kama hoja imejibiwa au haijajibiwa, na modeli ya lugha inaweza kukuandikia aya tamu inayopita pembeni ya onyo la vidonda vya tumbo bila kuligusa. Itumie mlangoni: isome maelezo ya daktari yaliyoandikwa kwa maneno ya kawaida, itoe madai na sababu zake, mtu wa famasi azihakiki, alafu grafu ndo iamue. Na itumie tena mwishoni kuugeuza mnyororo wa hoja uwe sentensi ambazo mgonjwa ataelewa. Katikati hapo weka kitu ambacho ukikiendesha mara mbili kwa taarifa zile zile kinatoa jibu lile lile.

Kwa hiyo kazi yako ya mwezi huu. Chukua kesi tatu au nne halisi zisizo na majina ya wagonjwa, kwa kibali cha chuo chako, kaa na mfamasia mmoja, andika hoja kwa mkono kwenye karatasi na uulize kwa kila jozi: hii inapinga hitimisho, inakata kiungo, au inapiga taarifa ya chini? Ndo uandike kanuni za ASPIC+ zinazozizaa, uone kama mishale iliyotoka kwenye programu inalingana na ya karatasi. Pasipolingana simama hapo hapo utafute, mara nyingi utakuta ni kanuni ngumu uliyosahau kuigeuza, au kipaumbele ambacho mfamasia anacho kichwani na hakuna aliyewahi kumwomba akitamke. Ukifika hapo nitumie grafu ya kesi moja tu, ile ambayo mmebishana zaidi, tuiangalie pamoja.